Siku Tuliyozaliwa Sote

Zuena mwanangu,

Umetoka sasa hivi na mama yako kwenda kuwaaga watu wa mtaa wetu wa Buyenzi, na mi nimefunga gereji mapema, jambo ambalo unajua si kawaida yangu. Nyumba iko kimya. Sanduku lako limesimama karibu na mlango na juu yake nimeweka paspoti yako. Nimeifungua na kuifunga mpaka Bibi yako akaniambia nitaichakaza kabla haijafika uwanja wa ndege.

Mambo ya nguo, ya chakula na ya kuchagua marafiki mama yako amekwisha kukuambia, na kesho ndani ya gari atakuambia tena. Mi nataka kukuandikia jinsi paspoti hii ilivyopatikana. Ulikuwa kwenye mitihani wakati ule, na mengi tulikuficha ili usome kwa utulivu. Uliona tu baba yako anatoka asubuhi na shati safi badala ya ovaroli, na Bibi yako anarudi nyumbani na vumbi la barabara kwenye kanga. Sasa umeshinda ya kwako, unakwenda Dar es Salaam kusomea udaktari. Na sisi tulishinda ya kwetu, na ningependa uyajue yote kabla hujaondoka.

Ilianza siku ile barua ya chuo ilipofika. Nilikwenda etasivili, ile ofisi ya leta, yaani ya serikali, inayoandika wanaozaliwa, wanaooana na wanaokufa, nikiwa na furaha hadi nikamnunulia karani soda. Nilifikiri nitaomba nakala ya cheti chako cha kuzaliwa na kurudi kazini kabla ya adhuhuri. Karani akanieleza kwamba vitabu vya mwaka wako viliungua vita vilipoingia mitaani. Kukuandika upya kunawezekana, akasema, lakini nilete kwanza cheti cha kuzaliwa cha baba wa mtoto. Yaani changu.

Sikuwa nacho, mwanangu. Nilizaliwa nyumbani, na babu yako Juma hakuona haja ya kwenda kuniandikisha. Kitambulisho changu cha kwanza nilipewa kwa maneno ya jirani. Karani akasema basi niende tribinali, mahakamani, niombe hukumu inayoshika nafasi ya cheti. Na tribinali watataka ushahidi wa ndoa ya wazazi wangu, wa kifo cha baba yangu, na wa kuzaliwa kwa mama yangu. Nikamtazama. Ili we upande ndege, ilibidi kwanza ithibitishwe kwamba sisi wote tuliokutangulia tulikuwepo hapa duniani.

Nilikasirika. Nilimwambia mji huu mzima unanijua, nusu ya magari yake nimeyafungua injini kwa mikono yangu. Akanijibu taratibu, bila ubaya, kwamba yeye pia ananijua, ila karatasi ndiyo hainijui. Nikapiga meza nikatoka. Lakini si yule kijana niliyemkasirikia. Miaka hii yote ya vita, kwenye kila kizuizi barabarani kuna mtu anayetazama kitambulisho, kisha uso, kisha anauliza tena we ni wa wapi. Wangapi wametuambia sisi Waswahili wa Buyenzi turudi Kongo, wakati babu yako alizaliwa hapa, mji ukiwa bado unaitwa Usumbura? Nilikuwa nimechoka kuulizwa, na yule karani akaangukiwa na hasira za wengine. Ukiwa daktari utakutana na wagonjwa wa namna hiyo. Watakupigia meza. Kumbuka baba yako alikuwa mmoja wao.

Kisha nikafanya jambo ambalo mama yako hajui mpaka leo. Kuna mtu kule mtaa wa Asiatique, nyuma ya maduka ya vitambaa, anayetengeneza vyeti vya kila aina, na mihuri yake inang'aa kuliko ya leta. Nikaenda kwake. Alinikaribisha vizuri, akachukua kalamu, akaniuliza jina la mama mzazi. Kabla sijajibu akasema, "Weka tu yoyote, Muzee. Lile la kuandika rahisi." Na mi, mwanangu, nikataja jina. Nilitaja la mwanamke ambaye hayupo, kwa sababu niliogopa karatasi ya uongo ikikamatwa isimtie Bibi yako matatani. Yule bwana akaanza kuliandika kwa herufi nzuri. Nikawa nalitazama linavyoota kwenye karatasi, mama yangu mpya, asiyenijua. Nikamwambia aache. Alidhani natania. Nikaichukua ile karatasi, nikaitia mfukoni, na nilipofika gereji nikaichoma pamoja na vitambaa vya mafuta.

Siku ile sikula. Bibi yako alisogeza sahani, akaniuliza nina nini, nikamweleza yote isipokuwa habari ya Asiatique. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa mbona hukuniuliza mi? Ndoa yangu, mi nilikuwa pale."

Nilicheka kwanza, halafu nikaona aibu. Nilikuwa nimezunguka maofisi wiki nzima kutafuta habari za mwanamke ambaye kila asubuhi ananipa chai.

Kesho yake alivaa kitenge chake kizuri akaniongoza. Tulikwenda Asiatique, lakini safari hii kwa mlango wa mbele, kwa Mzee Saidi fundi cherehani, ambaye bado anashona pale kwenye baraza la duka licha ya macho yake kufifia. Alikuwa shahidi kwenye nikahi ya babu yako. Alipomwona Bibi yako alisimamisha mashine, akaanza kutusimulia mvua iliyonyesha siku ile ya harusi, jinsi bwana harusi alivyofika na kanzu iliyolowa matope hadi magotini. Ni yeye pia aliyeuosha mwili wa babu yako alipofariki. Hivyo ndoa na kifo vikapata mdomo mmoja wa kuvisema. Akafunga kazi, tukaenda naye msikitini, na imamu akaandika ushuhuda wote, akagonga muhuri. Tukarudi Bibi yako akiwa mbele, anatembea katikati ya barabara, magari yakimpisha.

Nikamwambia, "Mama, imebaki kuzaliwa kwako tu."

Hapo alipunguza mwendo. Akasema ya kwake iko kwa mapadri.

Tulijua, mi na we, kwamba Bibi yako alizaliwa milimani, juu ya Kanyosha, na kwamba kabla ya kuitwa Mwajuma aliitwa Anastasia. Zaidi ya hapo hakusema, na mi sikumsukuma. Parokia yake ilikuwa imeshusha vitabu vyake mjini wakati mapigano yalipozidi kule juu, na tukaenda pale vilipohifadhiwa. Bibi yako hakutaka kuingia. Alikaa kwenye benchi nje, akatoa chungwa kwenye mfuko wake akaanza kulimenya.

Katibu wa parokia alikuwa mtu wa heshima. Nilimpa jina, jina la baba yake, jina la mlima. Alitafuta kwa subira, akanionyesha mstari: Anastasia, mtoto wa fulani na fulani, amebatizwa. Kisha yeye akakisogeza kitabu upande wake, akasoma tena pembeni ya mstari, akaniuliza huyo ninayemtafuta ni nani kwangu.

"Ni mama yangu."

"Huyu amekufa, ndugu yangu," akasema. "Alikufa bado musichana. Baba yake ndiye alileta habari."

Nilimwonyesha dirishani. Bibi yako alikuwa amemaliza chungwa, anapangusa vidole kwenye kanga. Yule katibu akamtazama muda mrefu, akanitazama mi, akafunga kitabu polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa.

Pale tribinali waliniambia wazi kwamba sasa mambo ni mabaya kuliko mwanzo. Msichana aliyekufa kabla hajaolewa hawezi kuwa amenizaa. Ama nilete mtu wa damu yake, aliyekuwepo nyumbani kwao wakati ule, aape mbele ya hakimu, ama niache. Na siku za chuo chako zilikuwa zinakaribia.

Nilimwambia mama yangu alasiri ile, tumekaa mkekani uani. Nimefanya kazi nyingi ngumu, lakini kumwambia mama yangu mzazi kwamba baba yake alimwandikisha kifo, hiyo sijui ifananishwe na nini. Aliuliza swali moja tu, nani aliwaambia mapadri, nikamjibu. Halafu akaanza kuimba kwa pua, ule wimbo wake usio na maneno ambao sisi wote tunaukimbia, kwa sababu anauimba akikasirika tu.

Aliimba mpaka ukaisha, ndipo akanisimulia. Babu yako Juma alikuwa dereva, anapandisha chumvi na vitambaa milimani. Walipendana. Baba yake Bibi alikataa kwa ajili ya dini, na yeye akashuka mjini akaolewa. Nilipozaliwa alinibeba mgongoni akapanda hadi njia ya kwao. Mama yake alikuja kumkuta barabarani, akanishika mguu, akalia, akamwomba asipande zaidi. Miaka yote hii Bibi yako aliamini kwamba wazazi wake walimkatalia mlango. Hakujua kwamba walikaa matanga, majirani wakaja kuwapa pole.

Nikamwambia tuache, tutatafuta njia nyingine, mtoto anaweza kungoja mwaka. Nilisema hivyo kwa kumhurumia, na nilikosea. Nilikuwa nampunguza. Akanitazama kama anavyonitazama nikiingia na viatu vya mafuta sebuleni.

"Apana," akasema. "Mutoto atasoma. We nitafutie Petero."

Petero ni mdogo wake. Alimwacha akiwa kijana anayechunga mbuzi, na hakujua kama yuko hai. Wakati ule nilikuwa natengeneza gari la bwana mmoja wa Kibenga, kwa hiyo nilikuwa nateremka upande ule mara kwa mara, na kila nilipomaliza nilipita Kanyosha kuuliza. Watu wengi wa milima ile walikuwa wameshuka kukimbia risasi, wamejenga vibanda vya udongo na mahema ya plastiki pembeni ya mtaa. Nikajifunza kungoja nje ya kanisa Jumapili, Mwislamu na kofia yangu, nikiuliza kila mzee anayetoka. Wengine waliniogopa. Siku hizi mtu akikuulizia kwa jina la mlima wako una haki ya kuogopa. Mama mmoja mwishowe akanielekeza kijitoni, kwenye viwanja vya mboga za lengalenga.

Alikuwa anapalilia. Mzee mrefu, mkavu, suruali imekunjwa. Nilimsalimia kwa Kirundi, nikasema mi ni mtoto wa Anastasia. Hakuacha jembe. Akasema Anastasia alikufa zamani. Nikamwambia asubuhi hii alinigombeza kwa sababu nilisahau kununua mkaa.

Jembe likasimama. Nilitegemea aniulize jina la mama yao, au alama ya mwilini, maswali ya kumkamata mwongo. Akaniuliza kitu kingine, kwa sauti ndogo: "Bado anaimba akikasirika?"

Nilicheka, Zuena, nikajikuta nalia. Yeye pia. Aliishika mikono yangu yenye mafuta kwa mikono yake yenye matope, akaniita mtoto wa dada yake. Aliniambia alikuwepo baba yao aliporudi kutoka parokia. Baba yao aliingia ndani, akaketi, akasema kuanzia leo mna dada mmoja pungufu, na atakayelitaja jina lake atamfuata. Petero hakulitaja. Alipooa, binti yake wa kwanza akambatiza Anastasia, na baba yao akamtazama asiseme kitu. Kwa miaka yote alikuwa anapita sokoni mjini akitazama nyuso za wanawake waliovaa mtandio.

Nilimpandisha kwenye gari la yule bwana wa Kibenga, Mungu anisamehe, nikampeleka Buyenzi moja kwa moja. Ulikuwa shuleni. Bibi yako alikuwa anachambua mchele. Aliinua macho, akamtazama huyu mzee mlangoni, akamwambia amekonda. Kisha akasimama na mchele wote ukamwagika.

Siku ya tribinali chumba kilijaa. Watu walikuwa wamesikia kwamba kuna mama anakuja kuthibitisha hajafa, na miaka hii ambayo kila siku tunathibitisha kinyume chake, nani angekosa? Mzee Saidi alikuja na koti. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mkali, hapendi maneno mengi. Alisoma karatasi ya parokia, akasoma ya msikiti, akauliza inawezekanaje marehemu kuolewa.

Mjomba Petero akasimama akaapa. Alisema baba yao alikuwa mtu mwema aliyefanya uongo mmoja kwa sababu ya aibu, na kwamba yeye mwenyewe amekula uongo huo maisha yake yote na leo anautapika. Akamnyooshea mkono Bibi yako. "Huyu ni dada yangu. Tulinyonya ziwa moja."

Hakimu akamgeukia Bibi yako, akamuuliza ana la kusema. Nilikuwa nimemfundisha maneno mazuri ya kumjibu hakimu, yenye heshima. Akayaacha yote. Alisimama wima, akaweka mtandio sawa, akasema:

"Mi sikufa. Niliolewa."

Chumba kizima kikacheka, hata polisi wa mlangoni. Hakimu aliinamisha kichwa kwenye karatasi zake na mabega yake yakatikisika. Alipoinua uso alikuwa mkali tena, akaanza kusoma hukumu. Kwamba Mwajuma, aliyebatizwa Anastasia, alizaliwa na yuko hai. Kwamba aliolewa na Juma Selemani. Kwamba Juma Selemani alifariki, Mungu amrehemu. Kwamba mi, Ramadhani, ni mtoto wao. Na kwa hiyo we, Zuena, ni mtoto wangu, na etasivili iandike. Ndevu zangu zina mvi, mwanangu, na siku hiyo ndiyo niliyozaliwa. Asubuhi moja, Bibi yako kwanza, mi baada yake, we mwishoni. Tulitoka nje watu wanatupigia makofi kama tumetoka harusini, na wanawake wa Buyenzi wakapiga vigelegele barabarani mbele ya wanajeshi, ambao hawakujua wafanye nini, wakatabasamu.

Nilirudi kwa yule karani wa etasivili na hukumu mkononi. Nilimwomba radhi kwa kupiga meza. Aliandika jina lako polepole, akanionyesha kabla ya kugonga muhuri ili nione kama herufi ziko sawa. Na padri naye aliwaita Bibi yako na Petero. Bibi yako safari hii aliingia ndani, akaketi kwenye kiti pembeni ya Petero, na padri akaandika mbele yake kwamba habari ile haikuwa ya kweli, na kwamba Anastasia anaishi Buyenzi. Alipomaliza akamuuliza kama angependa kuongeza lolote. Bibi yako akamwambia waandike pia ana wajukuu.

Nimekuandikia haya kwa sababu huko uendako utaulizwa. Watakusikia unaongea, watasema Kiswahili chako kimevunjika, watakuuliza we ni Mkongo au Mrundi, Mwislamu wa wapi. Mi nilikuwa nikiulizwa hivyo napandisha sauti, kwa sababu ndani yangu sikuwa na uhakika kwamba nitaaminiwa. Tangu siku ile sauti yangu imetulia. Nina mjomba anayelima Kanyosha na shahidi anayeshona Asiatique. Nina mama aliyesimama mahakamani akawaambia yuko hai. We unao hao hao. Ukiulizwa, jibu, kisha endelea na kazi yako.

Na wazee wa watu waulize. Wagonjwa wako, majirani, wenye nyumba utakayopanga. Ukitaka kujua habari ya mtu, keti naye kwanza, karatasi zitafuata. Mi nilianzia upande mwingine, na nusura nikuletee bibi wa kutungwa.

Nasikia sauti zenu nje, na ya Babu Petero iko juu ya zote. Amekuja na watoto wake na mkungu wa ndizi, na anasema kesho watakwenda wote uwanja wa ndege, sijui gari gani litawabeba. Bibi yako amesimama nyuma yangu, ananiamuru niongeze kwamba ukiolewa huko, uandikishe ndoa wiki hiyo hiyo, na nakala moja uilete kwake. Nimeongeza.

Nenda, binti yetu, na Mungu akutangulie kila mlango utakaobisha.

Mi baba yako,
Ramadhani, mtoto wa Juma Selemani na wa Mwajuma Anastasia, mzaliwa wa Bujumbura